Fremu tatu za wino: picha dhahania na mikato ya kasi kwenye video ya muziki

Chukua shoti ya uso wa mwimbaji, ikate ibaki fremu tatu, yaani picha tuli tatu tu, iweke katikati ya shoti nyingine mbili za nyuso, kisha cheza. Utaona kama taimulaini, ule mstari wa muda kwenye programu ya kuhariri, imejikwaa: kuna kitu kimepita, hujui ni nani, na jicho limebaki nyuma likikitafuta. Sasa toa uso huo, weka fremu tatu za wino unaochanua ndani ya maji. Mkato uko palepale, urefu ni uleule, ila safari hii umelia kama ngoma ya snea.

Tofauti yao ni kusomwa. Uso ni lazima usomwe: nani huyu, anatazama wapi, amekasirika au anacheka. Wino hauna cha kusomwa. Ni rangi na mwendo, mtazamaji anaupokea na kuuachia papo hapo. Kila shoti inamdai mtazamaji muda fulani kabla haijaeleweka, na picha dhahania ndiyo inayodai kidogo kuliko zote. Ndiyo maana picha dhahania na mikato ya kasi hazitengani. Anayelijua hili anaweza kukimbiza video bila kumchosha mtu. Asiyelijua anakata nyuso, magari na mikono kila fremu nne, halafu anashangaa kwa nini kazi yake ina fujo lakini haina kasi.

Wazo lenyewe limezitangulia kompyuta kwa miongo mingi. Mjerumani Oskar Fischinger, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa tayari anachora maumbo yanayocheza kwa kufuata rekodi za gramafoni. Mwaka 1935 Len Lye, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alipaka rangi moja kwa moja juu ya ukanda wa filamu, bila kamera. Mwaka 1961 Bruce Conner wa Marekani alikatakata vipande vya filamu juu ya wimbo wa Ray Charles kwa kasi ambayo watazamaji wa televisheni walikuja kuizoea baada ya stesheni ya muziki ya MTV kuanza kurusha matangazo, tarehe 1 Agosti 1981. Anayechora fremu moja moja kufuata muziki hana njia ila kuhesabu, na kazi yetu nayo inaanzia hapohapo.

Deni la kila shoti

Vipimo ninavyotumia kwenye taimulaini ya fremu 25 kwa sekunde ni hivi. Rangi tupu au flashi: fremu 1 hadi 2. Umbo moja lenye mwendo, kama wino, cheche au mistari ya taa: 2 hadi 4. Kitu kinachotambulika kwa kivuli chake tu, kama mkono, maiki au kiatu: 5 hadi 7. Uso wa karibu: 8 hadi 12. Shoti pana yenye watu wengi: kuanzia 20. Maandishi yana sheria yake: yasome kwa sauti mara mbili bila haraka, muda uliotumia ndio urefu wa shoti.

Kuna watakaokwambia jicho linaweza zaidi ya hapo, na hawakosei. Mwaka 2014 Mary Potter na wenzake wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba mtu anaweza kugundua picha iliyopita kwa milisekunde 13 tu, chini ya fremu moja. Lakini wale walikuwa wamekaa wanaitafuta picha waliyotajiwa. Mtazamaji wa video anasikiliza wimbo, hatafuti chochote. Kugundua kwamba uso umepita hakumfanyi ahisi kile uso huo ulichobeba.

Hesabu ya pigo

Kanuni ni fupi: zidisha 60 kwa idadi ya fremu kwa sekunde, kisha gawanya kwa BPM ya wimbo, yaani mapigo yake kwa dakika. BPM 120 kwenye fremu 24 ni fremu 12 kwa kila pigo. BPM 100 kwenye fremu 25 ni fremu 15 kamili. Hizo ni nyimbo za raha. Shida huanza kwenye BPM 128 na fremu 25, kwa sababu jibu ni 11.71875. Wengi hukadiria 12, wakakata kila fremu 12, na mapigo 16 baadaye wako fremu 4 na nusu nyuma ya muziki. Yakifika mapigo 32 wako fremu 9 nyuma, zaidi ya robo tatu ya pigo, na hawajui kosa liliingilia wapi, kwa sababu hakuna mkato mmoja unaoonekana umekosea.

Dawa yake ni kutojumlisha 12 juu ya 12. Hesabu nafasi ya kila pigo kutoka mwanzo wa wimbo, halafu ndipo ukadirie. Pigo la kwanza ni fremu 0, la pili 11.7 yaani 12, la tatu 23.4 yaani 23, la nne 35.2 yaani 35, la tano 46.9 yaani 47. Nafasi kati yao zinakuwa 12, 11, 12, 12. Hiyo fremu moja iliyopungua hakuna atakayeiona. Na kasi hii ina neema yake: baa 8, yaani mapigo 32, ni fremu 375 kamili, sekunde 15 juu ya alama. Kila baada ya baa 8 unarudi kwenye namba nzima, kwa hiyo nakili alama zako kwa vipande vya baa 8 badala ya kuzipanga upya wimbo mzima.

Kabla ya hayo yote tafuta kiki ya kwanza (pigo la ngoma kubwa ya besi) kwenye wimbi la sauti. Ni nadra ianze kwenye sifuri kamili. Faili nyingi zina kimya kidogo mwanzoni, na ukimya wa milisekunde 80 tu ni fremu mbili. Hakikisha pia programu iliyokusomea BPM haijakupa nusu au mara mbili: 70 na 140 zinafanana sana kwa mashine. Kama ngoma zilipigwa na mtu bila metronomu, achana na hesabu. Cheza wimbo, weka alama kwa kidole kila pigo, kisha zipitie moja moja ukizivuta hadi kwenye ncha ya wimbi, kwa sababu kidole huchelewa.

Jambo la mwisho hapa ni la kusikitisha, maana hugunduliwa siku ya mwisho. Ukipiga kamera kwa fremu 23.976 kwa sekunde halafu ukafungua taimulaini ya 24, tofauti ni asilimia 0.1. Ni ndogo, lakini kwenye wimbo wa dakika 4 inakuwa karibu robo sekunde, kama fremu 6, na midomo ya mwimbaji inaachana na sauti kadiri wimbo unavyosonga. Amua kasi ya fremu kabla ya siku ya kupiga picha, iandike, na kila kamera iwekwe hivyo.

Mkato utangulie pigo

Mkato ukiuweka juu ya ncha ya wimbi kabisa, mara nyingi utauhisi umechelewa. Sababu iko kwenye jinsi binadamu anavyounganisha sauti na picha. Vipimo vya ITU, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, vinaonyesha kwamba mtu hugundua sauti ikiitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, lakini sauti ikiwa nyuma ya picha anavumilia hadi takriban 125. Duniani ndivyo ilivyo: unaiona shoka ikitua kwenye gogo, kisha sauti inakufikia. Kinyume chake hakitokei.

Geuza hizo ziwe fremu. Kwenye 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Picha ikichelewa fremu moja tu tayari uko ukingoni. Ikichelewa mbili kosa linaonekana. Ikiwahi fremu mbili hakuna atakayelalamika. Kwa hiyo sogeza mkato fremu moja au mbili kabla ya pigo. Kwa kiki nzito yenye besi, moja inatosha. Kwa snea au kofi, mbili zinakaa vizuri zaidi. Na kama ndani ya shoti kuna tendo, mguu unatua au mkono unapiga, basi tendo lenyewe ndilo likae kwenye pigo. Mkato utaenda kokote unakobidi kwenda, hata fremu 6 kabla. Hapo ndipo utofauti wa wahariri unapoonekana. Anayekata kwenye kila pigo bila kujali ndani ya shoti kuna nini anatoa kazi inayosikika kama mashine ya kushonea.

Jicho liko wapi?

Jicho likitakiwa kuhama kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine, huchukua takriban milisekunde 200 kabla hata halijaanza kusogea. Hizo ni fremu 5. Sasa fikiria shoti ya fremu 6 ambayo kiini chake kiko kulia juu, ikifuata shoti ambayo kiini chake kilikuwa kushoto chini. Jicho linafika, shoti imekwisha.

Dawa haina gharama. Simama kwenye fremu ya mwisho ya shoti ya kwanza, weka kidole kwenye kioo pale unapotazama. Songa fremu moja mbele. Kiini cha shoti mpya kiko chini ya kidole? Kama hakipo, ikuze shoti kwa asilimia 110 hadi 120 na uisogeze mpaka kifike. Ukipiga picha kwa 4K na taimulaini ni 1080, yaani nusu yake kwa upana na kwa kimo, una nafasi ya kukuza hadi asilimia 200 bila kupoteza ukali. Fanya hivi kwenye mfululizo wa shoti fupi tu; kwenye shoti ya sekunde mbili jicho lina muda wa kutembea lenyewe, na wakati mwingine kulitembeza ni raha.

Mwelekeo wa mwendo nao ni hivyohivyo. Wino unaoshuka, ukifuatwa na taa zinazoshuka, kisha kitambaa kinachoshuka, ni shoti tatu zinazohisiwa kama pigo moja refu. Geuza ya tatu ipande, na hapo umepiga breki. Vyote viwili vinafaa, mradi ulikusudia.

Malighafi

Usinunue mafurushi ya picha za kupachika ambazo kila mtu anazo. Tengeneza zako. Siku moja ya kazi inakupa malighafi ya video tatu.

*Wino ndani ya maji.* Tafuta tanki la samaki la kioo, lita 20 hivi, lenye pande bapa. Pande za duara hupinda picha. Maji ya bomba yana hewa ndani yake, na baada ya dakika chache vipovu hujishika kwenye kioo, kwa hiyo yajaze jana yake yalale. Nyuma ya tanki weka karatasi nyeupe nyembamba, na taa nyuma ya karatasi. Tumbukiza rula pale tone litakapoangukia, weka fokasi kwenye tarakimu zake, kisha zima fokasi ya kujiendesha. Tumia tundu dogo la lenzi, f/8 au f/11, kwa sababu kwa karibu hivyo kina cha fokasi ni chembamba mno. Tone litoke kwenye bomba la sindano isiyo na ncha likigusa uso wa maji. Ukilidondosha kutoka juu linaingia na vipovu. Matone mawili au matatu yanatosha. Sehemu nzuri ni sekunde 4 hadi 8 za mwanzo. Baada ya hapo maji yote yanakuwa ukungu, na itabidi uyamwage. Hesabu maji ya kujaza tanki mara kumi kabla hujaanza.

Baadaye, kwenye kompyuta, pindua shoti juu chini na wino utapanda kama moshi. Geuza rangi kinyume na mandhari nyeupe inakuwa nyeusi, wino wa bluu unakuwa wa manjano. Shoti moja imekuwa nne.

Hapa kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: wino hupigwa kwa fremu 100 au 120 kwa sekunde kwa sababu mwendo wa polepole ni mtamu kwenye kioo cha kamera. Shoti hiyo ukiikata fremu tatu haina mwendo wowote. Inakuwa picha ya kuganda. Kwa shoti fupi, kitu kinatakiwa kisogee angalau sehemu moja ya kumi ya upana wa skrini ndani ya hizo fremu chache, la sivyo jicho halina cha kushika. Piga mizunguko miwili: mmoja wa kasi ya kawaida, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa ajili ya mikato ya haraka; mwingine wa fremu 100, kwa ajili ya zile sehemu ambazo shoti itakaa.

*Mafuta na maji.* Sinia ya kioo, maji ya kina cha sentimita 2, matone ya mafuta ya kupikia. Iinue sentimita 30 juu ya karatasi za rangi, taa imulike karatasi na wala si sinia, kamera iangalie chini wima. Chovya ncha ya mswaki kwenye sabuni ya maji, gusa katikati: mafuta yatakimbia pande zote. Hilo kimbio ndilo unalolitaka, ni la nusu sekunde tu, kwa hiyo kamera iwe inarekodi tayari. Adui hapa ni mwakisi wa lenzi yako mwenyewe juu ya maji. Zima taa zote za chumba, tundika kitambaa cheusi chenye tundu la kupitishia lenzi. Adui wa pili ni vumbi. Kwa macho hulioni, kwenye lenzi ya karibu kila chembe ni jiwe.

*Kamera ikijitazama.* Unganisha kamera na televisheni kwa waya, zima maandishi yote yanayotokea kwenye skrini, ielekeze kamera kwenye televisheni hiyohiyo. Picha itajirudia ndani yake bila mwisho. Inamisha kamera nyuzi 5 hadi 10 na mrudio unakuwa mzunguko wa konokono. Mwangaza uwe wa kuweka kwa mkono: picha ikiungua ikawa nyeupe ndani ya sekunde moja, punguza, ikifa ikawa nyeusi, ongeza. Kati ya hizo mbili kuna nafasi nyembamba sana ambapo maumbo yanajizalisha yenyewe, na humo ndimo mnamokaa saa nzima ya furaha. Ukiona mistari ya mawimbi kwenye picha, kamera inaziona pikseli za televisheni. Legeza fokasi kidogo.

*Picha za mnato.* Weka kamera kwenye picha za kawaida, shata wazi kwa sekunde 1 au 2, tembeza taa mkononi gizani. Piga 30. Ziweke kwenye taimulaini fremu moja kila picha, una zaidi ya sekunde moja ya umeme unaocheza ambao hakuna kamera ya video ingekupa, kwa sababu shata ya video kwenye fremu 25 kwa kawaida haifunguki zaidi ya 1/25.

Kwa taa za ndani angalia umeme wenu. Kwenye herzi 50 tumia shata 1/50 au 1/100; kwenye herzi 60, 1/60 au 1/120. Ukikiuka, taa za bei ya chini zitaleta mistari inayotembea, na kwenye fremu 100 au 120 ndipo inakuwa mibaya zaidi. Haifutiki kirahisi baadaye.

Baa 8 kwa karibu

Turudi kwenye kiitikio cha BPM 128, fremu 375. Kwanza nalaza shoti za mwimbaji peke yake, bila picha dhahania hata moja, mpaka kiitikio kisimame chenyewe. Kisha kila sauti naipa picha yake: kiki ni wino, snea ni mistari ya taa, haihati (matoazi madogo) haipati kitu. Kanuni hii ndogo ndiyo inayofanya picha zisikike. Mtazamaji hataitaja, lakini kufikia baa ya tatu macho yake yameshajifunza.

Baa 1 na 2: shoti nne, kila moja mapigo mawili, kama fremu 23. Baa 3: shoti moja kila pigo, fremu 11 au 12, na fremu 2 za wino zikiwa zimepandishwa juu ya kila kiki. Baa 4: mapigo mawili ya kwanza ni mwimbaji, mawili ya mwisho ni shoti nane za dhahania, fremu 3 kila moja, robo pigo. Baa 5: shoti moja. Uso, fremu 47, bila mkato wala madoido. Baa 6 na 7 zinarudia mpango wa 1 na 3 kwa shoti mpya. Baa 8 inamwaga kila kitu hadi pigo la nne, kisha pigo hilo lote la nne ni nyeusi.

Angalia baa ya 5. Pasipo hiyo, ile ya 4 haina maana. Kasi haionekani mpaka iwekwe kando ya utulivu, na video yenye fremu 4 kwa kila shoti kuanzia mwanzo hadi mwisho huzoeleka ndani ya sekunde ishirini. Kuna hesabu nyingine ya kukurudisha chini: video ya dakika 3 yenye wastani wa fremu 12 kwa shoti inataka shoti 375. Huna shoti 375 nzuri. Una 90, pengine 120. Zipeleke kwenye kiitikio, beti ziachie zipumue kwa shoti za sekunde mbili na zaidi.

Ukimaliza, pita kila mkato kwa vishale, fremu moja moja. Unatafuta fremu mzuka: ile moja ya shoti nyingine iliyosahaulika kwenye mwungano. Unatafuta pia shoti zilizopigwa kwa fremu 30 kwa sekunde zikawekwa kwenye taimulaini ya 25, ambazo programu imezichanganya ikatoa taswira mbili zilizolaliana. Kwenye shoti ndefu haionekani. Kwenye shoti ya fremu 3, theluthi nzima ya shoti imeharibika.

Flashi zinazodhuru

Hili halina mjadala. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi cha katuni kwenye televisheni ya Japani kilionyesha nyekundu na bluu zikipokezana takriban mara 12 kwa sekunde, na watazamaji 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Kati ya watu watakaotazama video yako wamo wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na wengine hawajui kwamba wanacho.

Mpaka unaotumika kwenye utangazaji ni huu, na wa kwenye tovuti unakaribiana nao: si zaidi ya flashi 3 ndani ya sekunde yoyote, zikichukua zaidi ya robo ya skrini. Flashi moja ni kwenda na kurudi, giza hadi mwanga hadi giza. Nyekundu iliyokolea ni hatari zaidi ya rangi nyingine.

Kwa muziki, sheria hiyo inageuka kuwa rahisi kukumbuka. Flashi moja kwa kila pigo ni salama mpaka BPM 180. Flashi kwa kila nusu pigo inavuka mpaka mara tu wimbo unapopita BPM 90. Kwa BPM 128, kwenye pigo ni 2.1 kwa sekunde, sawa. Kwenye nusu pigo ni 4.3, hapana.

Na zile shoti nane za baa ya 4? Zikipangwa moja ya giza, moja ya mwanga, kila moja fremu 3, ni flashi kamili kila fremu 6, zaidi ya 4 kwa sekunde. Zina dakika chache za marekebisho: fungua kipimo cha mwangaza kwenye programu, sawazisha shoti zote nane ziwe karibu na kiwango kimoja, tofauti isifike asilimia 10, na uache rangi, isipokuwa nyekundu iliyokolea, na mwelekeo ndivyo vipokezane. Kasi inabaki. Au zipunguze zikae katikati ya skrini, chini ya robo yake, huku pembeni pakiwa palepale. Kisha pitisha faili lote kwenye programu ya kupima flashi kabla ya kulipeleka popote, na onyo la maandishi mwanzoni lisiwe kisingizio cha kuruka hatua hii.

Faili la mwisho

Mikato ya kasi na picha dhahania ndivyo vitu viwili ambavyo kodeki, yaani mfumo wa kubana video, haivipendi. Kodeki ya H.264 inaokoa nafasi kwa kukumbuka fremu iliyopita na kuandika kilichobadilika tu. Kwenye mkato, kilichobadilika ni kila kitu. Kwenye wino na chembechembe, kinachobadilika ni kila pikseli. Megabiti 8 kwa sekunde, kiwango cha kawaida cha 1080, kwenye fremu 25 ni wastani wa kilobaiti 40 kwa fremu. Fremu moja ya wino iliyojaa nyuzinyuzi inaweza kutaka mara kumi ya hapo. Ndiyo maana kiitikio chako kinachong'aa kwenye kompyuta kinageuka miraba kikifika kwenye simu za watu.

Mambo manne yanasaidia. Shoti za dhahania za chini ya fremu 5 zilainishe kwa ukungu wa pikseli 1 au 2. Hakuna atakayeona kwa kasi hiyo, na kodeki itashukuru. Usiweke tabaka la chembe za filamu juu ya sehemu za kasi. Lakini kwenye shoti ndefu zenye rangi inayofifia taratibu gizani fanya kinyume, chembe kidogo zinazuia ile mistari ya ngazi. Pakia faili zito, ProRes (kodeki isiyobana sana) au H.264 ya megabiti 40 hadi 50, kwa sababu mtandao utalibana tena kwa vyovyote. Na kama jukwaa linaruhusu, pakia kwa 2160, yaani 4K, hata kama ulihariri kwa 1080, maana picha kubwa hupewa kasi kubwa ya data.

Kisha itazame kwenye simu, mwangaza nusu, sauti imezimwa. Piga pigo kwa kidole kwenye meza ukifuata picha peke yake. Pale kidole kinapopotea, rudi kwenye taimulaini, sehemu hiyohiyo, ukahesabu fremu.